Semeni Nambari Yote: Barua ya Wazi kwa EPRA

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA),
Nairobi.

KUH: KAULI ZA WANASIASA KUHUSU STIMA NA BEI YAKE

Bwana Mkurugenzi,

Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja na stima imesharudi majukwaani. Huku Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, tutaambiwa mengi kuhusu megawati, na wengi watakaotuambia hawatakuwa wakidanganya. Hilo ndilo linalonisukuma kukuandikia. Uongo mtupu hugunduliwa upesi. Kinachotuponza ni nambari ya kweli iliyokatwa katikati, na kipande kilichobaki mara nyingi kimo katika kabati za ofisi yako.

Chukua kauli kwamba asilimia 90 hivi ya stima ya Kenya inatokana na vyanzo safi. Viongozi wetu huirudia katika kila kongamano la tabianchi, na ni kweli: mvuke wa ardhini, hasa wa Olkaria, hutoa zaidi ya asilimia 40, kisha kuna mabwawa ya Mto Tana na upepo wa Loiyangalani. Tuna haki ya kujivunia. Lakini stima ni takriban sehemu moja kwa kumi tu ya nishati yote inayotumika nchini; kuni na makaa ndiyo karibu theluthi mbili. Mama anayepikia makaa Dandora hayumo katika asilimia 90 hiyo, na kiongozi anayeitaja bila kumtaja mama huyo anatuaminisha kwamba kazi imebaki kidogo. Kuhusu gesi ambayo ingemwondoa kwenye makaa, mapema mwaka 2023 Rais William Ruto aliahidi kwamba kufikia Juni mtungi wa gesi wa kilo 6 ungejazwa kwa kati ya Sh300 na Sh500. Juni ilipita na bei hiyo haikuonekana dukani.

Megawati nazo zina ujanja wake. Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliahidi kuongeza zaidi ya megawati 5,000 katika miezi 40. Miezi hiyo ilikwisha zamani, na mitambo yote iliyounganishwa na gridi ya taifa bado haijapita sana megawati 3,000. Wakosoaji waliishia hapo, kwamba ahadi haikutimia. Swali zito zaidi lilipaswa kuulizwa siku ile ile ahadi ilipotolewa. Wakati huo matumizi ya nchi nzima, hata saa za kilele, hayakufika megawati 1,500, sasa stima hiyo yote ingenunuliwa na nani? Mikataba mingi ya umeme humlipa mwekezaji kwa uwezo wa mtambo hata usipowashwa, na malipo hayo huishia kwenye tokeni zetu. Pengine kushindwa kwa ahadi ile kulituokoa gharama kubwa. Novemba 2025 Rais Ruto aliliambia Bunge kuhusu lengo la megawati 10,000 katika miaka saba. Sipingi kwamba uhaba wa stima jioni upo. Ila kuhesabu megawati zilizosimikwa tu ni sawa na kuhesabu matatu zote zenye leseni ya kwenda Umoja, pamoja na zilizolala gereji, kisha kumwambia abiria wa saa mbili usiku kwamba magari yanatosha. Jua limezama, upepo umetulia, laini imelemewa: je, ni megawati ngapi zinazobaki saa hiyo? Jibu la swali hilo halisikiki jukwaani.

Kwenye bei ndiko tunakoumia zaidi. Rais Uhuru Kenyatta aliahidi kushusha gharama ya stima kwa asilimia 30 kwa awamu mbili. Asilimia 15 ya kwanza ilikuja Januari 2022, ya pili haikuja, na mwaka mmoja baadaye hata ile ya kwanza ikaondolewa. Kisha, Aprili 2023, ofisi yako ilitangaza bei mpya na kushusha kikomo cha bei nafuu kutoka yuniti 100 hadi 30 kwa mwezi. Mwanasiasa aliyesema wanyonge wamelindwa kwa Sh12.22 kwa yuniti alikuwa na hoja, kwa nyumba isiyopita yuniti 30. Hakusema kwamba bei hiyo haikujumlisha gharama ya mafuta, tozo ya stima vijijini na VAT. Wala hakusema kwamba katika ploti nyingi za Pipeline na Kayole wapangaji kadhaa wako nyuma ya mita moja ya Kenya Power, huku landilodi akiwa amewawekea mita ndogo zake. Kila chumba kinatumia kidogo, lakini mita kubwa inajumlisha vyote, inavuka yuniti 100, na wote wanaangukia kiwango kilichotangazwa kuwa Sh20.97. Aliyekusudiwa nafuu ndiye anayelipa bei ya juu, na kwenye takwimu anaonekana kama mteja mmoja mwenye matumizi makubwa.

Utaniambia kwamba mdhibiti hafai kubishana na wanasiasa. Sikuombi ubishane wala umtaje mtu jina. Uingereza, mamlaka ya takwimu ni chombo cha umma pia, lakini Septemba 2017 mwenyekiti wake, David Norgrove, alimwandikia waziri Boris Johnson waziwazi kuhusu matumizi mabaya ya takwimu rasmi, na chombo hicho kingali kipo. Utaniambia tena kwamba ripoti zenu za takwimu zimo mtandaoni. Zimo, kwa Kiingereza, katika majedwali ambayo mnunuzi wa tokeni za Sh50 hana namna ya kuyatumia kumhoji mgombea. Wahakiki kama Africa Check na PesaCheck wanajitahidi, lakini nao hutegemea takwimu mnazotoa ninyi.

Kila tarehe 14 ya mwezi mnatangaza bei ya mafuta na nchi nzima inasikiliza. Ongezeni ukurasa mmoja wa Kiswahili siku hiyo: stima iliyopatikana saa za kilele, si iliyosimikwa tu, bei ya yuniti pamoja na tozo zote, na msingi wa kila asilimia inayotajwa hadharani. Sheria ya Nishati ya 2019 imewapa kazi ya kukusanya takwimu za nishati, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinaitaka Serikali ichapishe habari muhimu kwa taifa. Mngeanza na mita za pamoja: ni ngapi Embakasi, Makadara, Kamukunji na Kasarani, zinahudumia nyumba ngapi, na ziko kwenye kiwango kipi cha bei. Tungependa kuliona jibu hilo kabla kampeni hazijaanza rasmi.

Wako,
Mkazi wa Eastlands, Nairobi