Karate: Kukinga Kwanza

Mwezi huu tusome juu ya mchezo wa karate. Mchezo huu ulitoka kisiwa cha Okinawa, nchini Japani. Kwa Kijapani, karate maana yake ni mkono mtupu.

Anayeanza karate hufundishwa kata. Hii si kata ya kuchotea maji. Ni hatua zilizopangwa za kukinga na kupiga. Mtu huzifanya peke yake, kama kwamba adui yupo mbele yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu Anko Itosu alitunga kata tano. Zilifundishwa kwa watoto wa shule huko Okinawa. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi alikwenda Tokyo kuonyesha karate. Baadaye aliziita kata hizo Heian, yaani amani. Ya kwanza ni Heian Shodan. Ina hatua 21. Huanza hivi:

Inama kwa heshima. Simama wima, utulize pumzi.

1. Geuka kushoto, mguu wa kushoto mbele. Kunja goti la mbele, nyoosha mguu wa nyuma. Kunja ngumi ya kushoto, uishushe mpaka juu ya goti. Hapo umekinga teke.

2. Sogeza mguu wa kulia mbele. Piga kwa ngumi ya kulia. Ngumi ya kushoto irudi kiunoni.

3. Geuka nyuma kwa upande wa kulia. Kinga kwa mkono wa kulia.

Mbele zaidi utakinga kichwa mara tatu. Mwishoni utakinga kwa kiganja kilichonyooka. Ukimaliza utakuwa pale ulipoanzia. Kama hukufika hapo, hatua zako hazikulingana.

Angalieni hatua ya kwanza. Ni kukinga. Kata zote tano huanza kwa kukinga. Funakoshi alifundisha kuwa mwana karate haanzi kupiga. Kijana anayejifunza mateke ili awatishe wenzake hajajua karate. Siku moja atamvunja mtu mkono, naye atafikishwa mahakamani. Hasira, hasara.

Ndugu msomaji, ulirudia a, e, i, o, u mara nyingi kabla ya kusoma gazeti hili. Kata ni hivyo hivyo. Tafuta mwalimu. Rudia polepole kila siku. Nguvu zitafuata baadaye.