Gari Linapolala Njiani: Usalama na Afya kati ya Masisi na Walikale

Mashariki mwa Kongo, kwenye barabara inayotoka Goma kupitia Sake hadi Masisi, na zaidi kwenye ile inayoshuka Walikale, gari ni chombo cha safari na ni mahali pa kulala pia. Lori la Fuso likizama kwenye tope baada ya Nyabiondo, au upande wa Hombo, dereva, konvoyeri (utingo) wake na abiria waliokaa juu ya mizigo hupika kando yake, hulala ndani yake au chini yake, huanika nguo kwenye kamba za turubai. Inaweza kuwa usiku mmoja, inaweza kuwa wiki. Watu wa huko walioko Marekani na Kanada wameona majirani wakikodi magari yenye kitanda na jiko kwa ajili ya likizo. Kule nyumbani lori hubebeshwa kazi hiyo hiyo bila kuundwa kwa ajili yake.

Wanaojiandaa kwenda kuzika, kuoa au kuwaona wazazi huuliza zaidi habari za mwendo: barabara ikoje, dereva yupi ni mwangalifu, pikipiki au lori. Maswali hayo yana haki yake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya madhara ya afya katika safari hizi hutokea gari likiwa limesimama, maana hapo linakuwa nyumba, na shida zake zinakuwa za nyumba: hewa, moto, maji, choo, mbu.

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ina kilometa za mraba 4,734 za vilima na malisho ya ng'ombe, sehemu nyingine zikipita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake unataka blanketi mbili. Walikale ina kilometa za mraba 23,475, ndiyo kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, na karibu yote ni msitu wa bonde wenye joto na mvua mwaka mzima. Anayesafiri kutoka moja hadi nyingine anahitaji koti na chandarua katika begi moja. Njia kuu ni mbili: ile ya Masisi, Nyabiondo na Kashebere, na barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu, ikapita Hombo, Musenge na Itebero, kisha ikaendelea Lubutu hadi Kisangani. Masisi hupata nafuu ya ukavu kati ya Juni na Agosti. Walikale haiahidi nafuu mwezi wowote. Kuna kipande cha lami Kilambo ambapo ndege ndogo zilizobeba madini zilizoea kutua katikati ya barabara, magari yakisubiri pembeni, jambo linalotosha kueleza jinsi lami ilivyo adimu sehemu hizo.

Kabla ya tope kuna bunduki. Kundi la waasi la M23 liliingia Masisi-centre na Goma Januari 2025, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Machi mwaka huo likaingia Walikale-centre na kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Mstari wa mapigano umekuwa ukisogea kati ya wilaya hizi mbili, hivyo barabara iliyopitika Jumatatu huenda isipitike Alhamisi. Mtu asiye na sababu nzito aahirishe. Mwenye sababu nzito asitegemee habari za mtu wa Goma kuhusu Kashebere. Aulize madereva waliorudi kutoka huko jana, na jamaa walioko kijiji baada ya kijiji. Bima nyingi za safari zinazouzwa Ulaya na Amerika hazilipi chochote kwenye eneo la vita, na hilo linafaa kusomwa kwenye mkataba kabla ya tiketi kununuliwa.

Bariere, yaani vizuizi vya kutoza fedha, ni sehemu ya barabara. Utafiti uliochapishwa 2017 ulihesabu karibu 800 katika Kivu mbili, za serikali na za makundi yenye silaha, na hakuna dalili kwamba zimepungua. Kinachosaidia ni mambo madogo. Fedha za njiani zikae mbali na fedha za safari, simu isitolewe, picha isipigwe, na dereva aachiwe aongee. Mgeni wa kutoka ng'ambo anayeanza kudai haki zake kwa Kifaransa safi mbele ya kijana mwenye bunduki huwaweka hatarini abiria wote.

Kanuni inayojulikana kuliko zote ni kutosafiri usiku, na ni kanuni nzuri. Lakini ina matokeo yasiyosemwa. Malori yanayosubiri kupambazuke hujipanga Sake na kandokando ya barabara ya Goma, na huko ndiko ardhi yenyewe inakoweza kuua mtu aliyelala.

Kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, kuanzia pembezoni mwa Goma hadi Sake, udongo wa volkano hutoa kaboni dioksidi kupitia nyufa. Watu wa huko huiita mazuku. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi. Hutulia kwenye mabonde madogo, mashimo, mitaro na misingi ya nyumba. Mchana, jua na upepo huitawanya. Usiku kukiwa kimya hujikusanya, na hatari huwa kubwa zaidi kuelekea alfajiri, saa ambayo usingizi ni mzito. Haina rangi, wala haitoi onyo la kuaminika la harufu. Mbuzi, kuku na watoto hufa kwanza kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Katika kiwango kikubwa mtu mzima hupoteza fahamu kwa pumzi chache, na anayeshuka shimoni kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa hiyo abiria aliyetandika turubai chini ya lori, penye kivuli na pasipo upepo, yuko mahali pabaya kuliko mwenzake aliyelala juu ya magunia. Gari liegeshwe mahali palipoinuka, si kwenye bonde, hata kama bondeni pamesawazika vizuri. Wenyeji waulizwe mazuku yako wapi. Wanayajua kwa majina ya viwanja, na sehemu nyingine zimewekwa mabango ya tahadhari. Mahali ambapo majani yamekauka bila sababu, au panapoonekana ndege na panya waliokufa, gari lihamishwe papo hapo. Mshumaa unaozimika ukishushwa karibu na ardhi ni ishara kwamba hewa imeharibika, lakini mshumaa unaowaka si cheti cha usalama, maana gesi humdhuru mtu kabla haijazima moto.

Gesi ya pili huletwa na watu wenyewe. Baridi ya Mushaki au Masisi-centre humshawishi mtu kuingiza mbabula yenye makaa ndani ya kabini, kufunga vioo na kulala. Makaa yanayowaka, hata yale mekundu yasiyotoa moshi, hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, hupata kichefuchefu, kisha usingizi. Na kwa kuwa dalili hizo hufanana na uchovu wa safari au malaria, hakuna anayeshtuka. Injini iliyoachwa ikiunguruma ili kabini ipate joto ina hatari hiyo hiyo, hasa bomba la moshi likiwa limezibwa na tope, na vilevile jenereta iliyofungwa nyuma ya mizigo. Kufungua kioo kidogo hakutoshi. Mbabula ibaki nje, na ndani ziingie blanketi.

Magari ya likizo huko Amerika huwekewa kengele ndogo ya kugundua kaboni monoksidi, na kengele ya betri huuzwa kwa bei ya viatu vya mtoto. Ni zawadi yenye maana kwa dereva wa ukoo kuliko manukato. Ila aelezwe jambo moja bila kuzungusha: kengele hiyo haisikii mazuku. Hizo ni gesi mbili tofauti, na kifaa cha moja hakioni nyingine. Kuitegemea Sake ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu humpa mtu ujasiri wa bure.

Moto wenyewe nao unastahili neno. Mabido ya petroli hubebwa ndani ya malori pamoja na watu, na mafuta huuzwa kwenye chupa kando ya barabara. Jiko liwashwe mbali na gari, na bido lililowahi kubeba petroli lisitiwe maji ya kunywa kamwe, hata likioshwa kwa majivu mara saba. Gari lililokwama kwenye mteremko liwekewe mawe chini ya magurudumu kabla ya mtu yeyote kutambaa chini yake, iwe kwa kutengeneza au kwa kulala. Malori yaliyosimama juu ya tope husogea usiku mvua ikinyesha.

Mvua ya Masisi juu ya lori lililo wazi inaweza kumshusha mtu joto la mwili hadi akachanganyikiwa, ingawa yuko karibu na mstari wa Ikweta. Nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki hufanya kazi kuliko koti ghali lililolowa. Mtoto mdogo na mzee wakae ndani ya kabini, hata kama nafasi hiyo inauzwa kwa bei ya juu.

Kisha maji. Kipindupindu hakijawahi kuhama kabisa maeneo ya Ziwa Kivu, na foleni ya malori kwenye daraja lililovunjika ni kijiji kisicho na choo. Kijito kilicho chini ya foleni hupokea kila kinachotoka juu. Maji ya kunywa yachotwe upande wa juu na kuchemshwa: dakika 1 ya kutokota kwa nguvu inatosha Walikale, lakini juu ya mita 2,000 maji hutokota yakiwa na joto pungufu, kwa hiyo kwenye vilima vya Masisi yaachwe dakika 3. Vidonge vya klorini ni vyepesi na havihitaji kuni. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo klorini huishia kwenye tope. Choo kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kijito, na kifukiwe. Kuhara kukianza, mgonjwa apewe maji ya chumvi na sukari bila kungoja: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, akinywa kidogo kidogo hata kama anatapika. Kipindupindu huua kwa kukausha mwili, wakati mwingine ndani ya saa chache, na kituo cha afya kinaweza kuwa umbali wa siku moja.

Chakula cha njiani si tatizo kwa anayejua kuchagua. Fromaji ya Masisi hustahimili siku bila friji, ndizi zina ganda lake, chikwange imefungwa kwa majani na imepikwa. Nyama ya pori iliyokaushwa, inayouzwa sana njia ya Walikale, iachwe. Mwenyeji aliyeila tangu utotoni atacheka, lakini kushika na kuchuna nyama hiyo ni mojawapo ya njia zinazojulikana za Ebola na mpox kumfikia binadamu. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola kugunduliwa Goma alikuwa amefika kwa basi, akipita vituo vya kupima joto na kunawa mikono, na abiria wenzake walilazimika kufuatiliwa mmoja mmoja. Jirani wa kiti mwenye homa na upele asinyanyapaliwe, lakini blanketi lake lisitumiwe na wengine.

Malaria ndiyo inayowapata watu wa ng'ambo kwa urahisi kuliko yote, kwa sababu hujiona wenyeji. Kinga ambayo mwili hujenga kwa kuumwa na mbu miaka mingi hupungua kwa anayeishi Texas au Liège, na watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Mzazi anayesema mtoto atazoea anamweka mtoto wake hatarini. Dawa ya kinga ipangwe na daktari kabla ya safari: atovakuoni-proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka, doksisaiklini huendelea wiki 4. Ziletwe kutoka huko, maana soko la njiani lina vidonge bandia. Chandarua chenye dawa kifungwe hata kwenye lori: ncha mbili kwenye fremu ya turubai, mbili kwenye fimbo, na kingo zichomekwe chini ya mkeka. Masisi ya juu ina mbu wachache, na wengi hukitoa huko, wakafika Kashebere hawakikumbuki tena.

Chanjo ya homa ya manjano hudaiwa mpakani. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano na sasa hudumu maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Surua huzuka mara kwa mara katika wilaya zote mbili, kwa hiyo kadi za watoto zikaguliwe mapema.

Mambo hayaishi uwanja wa ndege. Homa inayoanza siku 7 au zaidi baada ya kuingia eneo la malaria, na hasa ndani ya miezi 3 ya kurudi, ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kwa aliyemeza dawa zote. Madaktari wengi wa Ulaya na Amerika huona homa na kufikiria mafua. Mgonjwa au ndugu yake aseme waziwazi, kabla ya kuulizwa, kwamba alikuwa Kivu Kaskazini, alilala wapi, akanywa maji gani, na aombe kipimo cha damu cha malaria kabla ya kurudishwa nyumbani.