K'Ogalo miaka 50: tuwatuze wachezaji nyumbani

Jumamosi ya Februari 17, 2018, Gor Mahia, yaani K'Ogalo, ilitimiza miaka 50. Ilizaliwa 1968 na mwaka huohuo ikatwaa ubingwa wa ligi, kama mtoto aliyezaliwa akitembea. Mwaka 1976 ilimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja. 2015 ikafanya vivyo hivyo. Kufikia siku hiyo ilikuwa na mataji 16 ya ligi, na hakuna klabu nyingine Kenya iliyokuwa na mengi zaidi. Hongera, K'Ogalo.

Lakini klabu ni wachezaji, na kwao ndiko tunakotaka macho yaelekee.

Mashabiki wa Gor walianza kutoa tuzo zamani, bila kamati wala ukumbi wa hoteli. Ukifanya vizuri, wanakubandika jina. Allan Thigo akaitwa "90 Minutes". Sammy Owino akawa "Kempes", jina la nyota wa Argentina wa Kombe la Dunia la 1978. Tobias Ocholla akawa "Jua Kali", Abbas Magongo "Zamalek", na nahodha Austin Oduor "Makamu". Klabu yenyewe inabeba jina la mtu, yule mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Gor wuod Ogada. Kupata jina pale si jambo dogo.

Nenda kando ya ziwa, Kisumu, mchana wa siku ya mechi, ukisubiri samaki aina ya ngege na ugali. Mzee mmoja atapanga vizibo vya soda mezani kumwonyesha kijana jinsi Gor ilivyojipanga mbele ya Esperance ya Tunisia. "Omera, wewe hukumwona Dawo," atasema, na kizibo kimoja kitasukumwa hadi ukingoni mwa sahani. Fainali hiyo ya Kombe la Washindi Afrika, 1987, iliisha 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, Gor ikabeba kombe kwa mabao ya ugenini. Peter Dawo ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa mashindano. Hadi leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoshinda kombe la bara la ngazi hiyo.

Simulizi hizo ni tamu, ila zinategemea uhai wa wasimulizi. Vizibo vikishazolewa mezani, nani ataandika?

Tuzo za ligi zipo, na wetu wamezichukua. Dan Sserunkuma, kijana wa Uganda, alikuwa mfungaji bora 2012. Michael Olunga, ambaye mashabiki walimwita "Injinia", alichaguliwa mchezaji bora wa ligi 2015, na Januari 2018, akiwa Girona, alifunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas. Hakuna Mkenya aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika La Liga. Tunamshangilia kwa moyo wote. Hata hivyo, tuzo za namna hii huwapendelea wafungaji. Mabeki wengi wanaozuia mpira mstarini na makipa wengi wanaoumia mkono kwa ajili ya pointi moja huondoka msimu ukiisha bila hata cheti.

Ndiyo maana tunaiomba klabu ianze kutoa tuzo zake kila msimu unapoisha, na kuzipa majina ya waliotangulia: ya mfungaji iwe ya Dawo, ya beki bora iwe ya Makamu, ya mchezaji asiyechoka iwe ya Thigo. Mashabiki wapige kura, maana ndio wanaolipa kiingilio hata mvua ikinyesha. Wakongwe waalikwe na nauli zao zilipwe. Walioaga dunia, jamaa zao wakabidhi kombe kwa niaba yao. Pawepo pia pesa kidogo, kwa sababu kombe haliliki, na mishahara ya wachezaji wetu haijawahi kuwa minono.

Mahali pa kuzitoa tuzo hizo pawe Moi Stadium, Kisumu, mchana, milango ikiwa wazi ili watoto wa Nyalenda na Manyatta waingie bure.