Kufundisha Hali za Maada: Jicho la Mtoto na Neno la Kitabu

Kila mwaka, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mimi huketi nyuma ya darasa la tano au la sita, daftari mkononi, nikimsikiliza mwanachuo akifundisha hali za maada. Somo lenyewe nimekwisha kulizoea. Mwanachuo huchora ubaoni safu tatu, akaziandika yabisi, kimiminika na gesi. Chini ya safu ya kwanza huandika jiwe, ubao na chuma. Chini ya safu ya pili, maji, maziwa na mafuta ya taa. Chini ya safu ya tatu, hewa na mvuke. Kisha watoto huitikia kwa pamoja kwamba yabisi ina umbo lake na ujazo wake, kwamba kimiminika kina ujazo wake lakini hufuata umbo la chombo, na kwamba gesi haina umbo wala ujazo maalumu. Kengele hulia, madaftari hufungwa, na mwanachuo hunitazama akingoja alama.

Alama humpa, kwa kuwa hajasema uongo. Hata hivyo, nirudipo chuoni moyo hunisuta. Mtoto aliyeitikia maneno yale ametoka darasani akiwa na maneno tu. Hakuona kitu kikibadilika hali, hakupima, wala hakuulizwa anafikiri nini. Maoni yangu ni kwamba mada hii hapana budi ifundishwe kwa sufuria kwanza na ubao baadaye. Na pale sufuria na kitabu vinapotofautiana, mwalimu asimlazimishe mtoto kukana alichokiona kwa macho yake. Hili la pili ndilo zito zaidi, na kisa kifuatacho kitaonyesha kwa nini.

Katika shule moja ya nyanda za juu za kusini, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, mwanachuo mmoja hodari alifanya jambo ambalo wenzake wengi hulikwepa. Alileta darasani jiko la mkaa, sufuria ya maji na kipimajoto. Watoto wakasoma kipimajoto kila baada ya dakika mbili na kuandika: 30, 48, 67, 85. Darasa zima lilikuwa limeinama kazini. Ilipofika 94, maji yakaanza kuchemka kwa nguvu. Baada ya dakika mbili ilikuwa 94. Baada ya mbili nyingine, 94. Msichana mmoja akanyosha mkono akasema, “Mwalimu, kimegoma kwenye tisini na nne.”

Mwanachuo alikitazama kipimajoto, akakitazama kitabu, kisha akanitazama mimi. “Kipimajoto hiki ni kibovu,” akasema. “Andikeni mia moja.” Msichana yule alichukua kifutio, akafuta taratibu, akaandika 100.

Kipimajoto hakikuwa kibovu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi katika usawa wa bahari, kama vile Tanga au Dar es Salaam. Kuchemka maana yake ni kwamba mvuke unaotokea ndani ya maji umepata nguvu ya kuyasukuma maji dhidi ya uzito wa hewa inayoyakandamiza kutoka juu, na kufanya mapovu. Kadiri tunavyopanda mlima, ndivyo hewa iliyo juu yetu inavyopungua, kanieneo yake ikapungua pia, na maji yakachemka kwa joto dogo zaidi. Kwa makadirio, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi 1. Kwa hiyo katika mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka karibu na nyuzi 94, na juu ya kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, huchemka kwenye nyuzi 80 hivi. Mama wa msichana yule analijua jambo hili kwa njia yake: maharage yake huchukua muda mrefu kuiva kuliko maharage yaleyale yakipikwa pwani, hata moto ukiwa mkali vipi.

Tena neno lake “kimegoma” lilibeba ugunduzi wa pili. Moto uliendelea kuwaka, joto liliendelea kuingia katika sufuria, lakini kipimajoto hakikupanda. Joto lilikwenda wapi? Lilitumika kuzitenganisha chembechembe za maji ili ziondoke kama gesi. Hicho ndicho kiini cha mada nzima ya mabadiliko ya hali za maada, nacho kilitolewa bure na mtoto wa darasa la sita, kikafutwa kwa kifutio.

Nakiri kosa langu katika jambo hilo. Kwa desturi mkufunzi hamkatizi mwanachuo mbele ya watoto, nami niliifuata desturi nikanyamaza. Baada ya kipindi nilimweleza mwanachuo yaliyo kweli, naye alielewa. Lakini siku ile ilikuwa ya mwisho ya mazoezi, na kesho yake tukaondoka. Daftari la msichana lilibaki na 100, na msichana mwenyewe alibaki na funzo ambalo halikuwamo katika andalio la somo: kwamba katika sayansi, anachokiona yeye hakina thamani mpaka kitabu kikiidhinishe.

Huenda msomaji akadhani nakuza jambo dogo. Basi na tukumbuke yaliyompata Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kawaida yao ilikuwa kuchemsha maziwa pamoja na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliyatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baadaye aliyakuta yameganda, hali ya mwenzake aliyetia maziwa yasiyochemshwa yakiwa bado ni uji mzito. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa kwa mzaha kwamba hiyo ni fizikia yake mwenyewe, wala si ile ya ulimwengu. Wenzake nao wakaufanya mzaha huo kuwa jina la kila kosa lake.

Mpemba hakufuta. Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alisimama mbele ya wote akamwuliza: ukichukua maji ya kipimo kimoja katika vyombo viwili vinavyofanana, moja ya nyuzi 35 na mengine ya nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo hujulikana duniani kote kwa jina la Mpemba.

Hapa yapasa niseme kweli yote. Wanasayansi hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Sababu nyingi zimependekezwa, na mwaka 2016 watafiti walichapisha majaribio ambayo hayakuonyesha kabisa kwamba maji ya moto hutangulia kupoa. Sisemi, basi, kwamba mtoto daima ndiye mwenye haki na kitabu ndicho chenye kosa. Nasema kwamba walimu wale walimaliza shauri kwa kicheko, na Osborne alilipeleka penye jokofu. Tofauti kati ya njia hizo mbili ndiyo tofauti kati ya kukariri na sayansi.

Najua mtakayosema, ndugu wanachuo, kwa sababu nimeyasikia mara nyingi. Kwanza mtasema kwamba mtihani utauliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi, na jibu linalotakiwa ni 100. Hilo ni kweli. Mfundisheni mtoto aandike 94 katika daftari la majaribio, na chini yake aandike kwamba katika usawa wa bahari ni 100, pamoja na sababu. Mtoto huyo hatakosa alama ya mtihani, wala hatapoteza imani katika macho yake. Pili mtasema kwamba mwalimu asiyejua jibu huaibika. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nasi twawafundisha watoto methali hiyo. Haifai sisi wenyewe tuione kuwa ni aibu. Mwalimu aliyekwama na aseme, “Sijui kwa nini imekuwa 94. Andikeni 94, nami nitatafuta.” Tatu mtasema kwamba hakuna zana. Katika mada hii udhuru huo hauna nguvu, kwa maana zana zake zimo jikoni. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni mafuta ya nazi. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi. Asubuhi ya mwezi Julai katika nchi ya milima kama Lushoto, chupa ya mafuta hayo huwa nyeupe na imeganda; Tanga mjini, mwezi Februari, chupa hiyohiyo huwa maji kabisa. Mweke mtoto aishike chupa iliyoganda viganjani mwake mpaka aone ukingo ukianza kuyeyuka. Kisha mwulize mafuta ya nazi yaandikwe katika safu ipi. Atatambua mwenyewe kwamba yabisi na kimiminika si makabila mawili ya vitu. Ni hali, na hali hufuata joto.

Ya pili ni unga wa sembe. Umimine kutoka bakuli hadi chupa. Umefuata umbo la chombo. Je, ni kimiminika? Waacheni wabishane. Baadhi watasema ndiyo, kwa sababu fasili ya ubaoni yasema hivyo. Mwingine atachukua punje moja ya chumvi au ya mchanga, aone kwamba yenyewe haibadili umbo, na kwamba unga hujilundika kama kilima mezani ilhali maji husambaa. Waleteeni na pamba pia, iliyo laini lakini ni yabisi, ili neno “kigumu” lisiwapoteze.

Ya tatu ni birika la maji yanayochemka. Watoto wengi huliita wingu jeupe lile “moshi”, na walimu wengi huliita “mvuke”, wakalitoa kuwa mfano wa gesi. Tazameni vizuri mdomoni mwa birika. Kati ya mdomo na wingu pana nafasi ndogo isiyoonekana kitu. Pale ndipo ilipo gesi ya maji, nayo haionekani. Wingu jeupe ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa, sawa na ukungu wa asubuhi. Lakini jihadharini: mvuke huo huunguza vibaya kuliko maji ya moto, hivyo birika lishikwe na mwalimu mwenyewe, na watoto wasimame mbali. Wakishaelewa hayo, waulizeni kuhusu mtungi wa gesi ya kupikia. Ukitikiswa kidogo husikika kitu kikicheza ndani, kwa kuwa gesi hiyo imeshindiliwa mpaka ikawa kimiminika, na hurudi kuwa gesi inapotoka.

Katika mazoezi hayo yote, safu tatu za ubaoni zitakuja, na ni vema zije. Zije mwishoni, watoto wakizijaza wenyewe, na ibakizwe nafasi ya vitu walivyobishania. Naye mwalimu anayesahihisha madaftari ya majaribio, akikuta tarakimu isiyolingana na ile ya kitabu, asikimbilie kalamu nyekundu. Aweke alama ya kuuliza kando yake, na kesho yake alete tena jiko na sufuria.