Afrika Mashariki isibaki mwenye kiwanja tu

Desemba 12, 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, Waitaliano walirusha roketi ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kupima eksirei za angani. Iliitwa Uhuru.

Uhuru ilibaini kuwa makundi ya galaksi hutoa eksirei. Baadaye ilithibitika kwamba zinatoka kwenye gesi yenye joto kali, ambayo ingekuwa imetawanyika kama ingeshikwa na mvutano wa nyota na gesi pekee. Kinachoishikilia wanasayansi wanakiita maada ya giza. Haitoi mwanga, na hadi leo haijulikani ni kitu gani.

Mwaka 2014 watafiti waliripoti eksirei zisizotarajiwa kutoka kwenye makundi hayo, ambazo huenda ni dalili ya maada hiyo. Dai hilo bado linabishaniwa. Njia mojawapo ya kulipima ni roketi ndogo, kwa kuwa angahewa huzuia eksirei kufika ardhini. Roketi hiyo hupata takriban dakika tano tu za kutazama, lakini kigunduzi chake kinaweza kutazama eneo pana la anga kwa mpigo.

Faida nyingine ni mafunzo. Mwaka 2018 roketi ya mradi wa Micro-X, Marekani, ilishindwa kulenga shabaha yake. Kifaa kilirudi kwa parachuti, kikaruka tena 2022. Katika miradi ya aina hiyo, wanafunzi hujenga, hukosea na kurekebisha.

Kenya, Rwanda na Uganda zimeshapeleka satelaiti ndogo angani, kila nchi kivyake. Jumuiya ina Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia pale Kigali. Ianzishe maabara moja ya vigunduzi kwa wanafunzi wa nchi zote wanachama.

Wapo watakaouliza kwa nini kutafuta kisichoonekana wakati wagonjwa wanapanga foleni kusubiri eksirei. Swali ni la haki. Lakini mashine ya hospitali inapoharibika na fundi akaagizwa kutoka ng'ambo, tatizo ni lile lile: ukanda hauna watu wa kutosha wanaojua kilichomo ndani ya kifaa.

Mwaka 1970 Afrika Mashariki ilitoa bahari na jina. Safari ijayo itoe na mafundi.