Geji ya mafuta ikidanganya, usikimbilie kununua spea

Wasomaji wangu, leo tuzungumzie kitu kidogo kinachowala watu pesa bure: geji ya mafuta. Sindano imeganda kwenye E na umejaza tangi jana. Au inaonyesha F huku gari linakohoa kwa kukosa petroli. Unaenda gereji, fundi anachomeka mashine, namba P0463 inatokea, na papo hapo unaambiwa: "Nunua sensa." Katika magari mengi sensa hiyo imeshikana na pampu ya mafuta ndani ya tangi, kwa hivyo unaweza kuishia kununua vyote viwili. Maoni yangu ni haya: asiyepima hajui, na asiyejua asikuuzie spea.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Programu ikikwama, ujumbe wa kosa hukuambia mahali kosa lilipoonekana, si lilipozaliwa. Namba P0460 hadi P0463 ni vivyo hivyo. P0462 inasema kompyuta imeona ishara ya chini mno. P0463 inasema ishara iko juu mno. Zote zinazungumzia mzunguko mzima wa umeme: sensa, nyaya, plagi, waya wa ardhi, hata kompyuta yenyewe. Hakuna hata moja inayosema "sensa imekufa".

Sensa yenyewe si uchawi. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea. Boya limeshikwa na mkono mwembamba, na mkono husogeza ncha ya chuma juu ya ukanda wenye ukinzani wa umeme. Mafuta yakishuka, ncha inasogea, ukinzani unabadilika, sindano inafuata. Ni kazi ileile ya kile kitufe cha kuzungusha sauti kwenye redio ya zamani.

Basi tupime. Kosa likijificha, gawanya mfumo mara mbili uulize liko upande gani. Zima gari, chomoa plagi ya sensa (mara nyingi iko chini ya kiti cha nyuma), kisha washa swichi bila kupiga injini. Katika Toyota nyingi ukinzani hupanda tangi linapokauka, kwa hivyo plagi ikiwa wazi sindano inapaswa kukaa E. Zima tena. Unganisha waya wa ishara na wa ardhi kupitia rezista ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kwa tangi lililojaa. Hakikisha ni nyaya za sensa, si za pampu! Washa swichi usubiri dakika chache, maana kompyuta nyingi hulainisha usomaji ili sindano isichezecheze mafuta yakitikisika. Sindano ikipanda, dashibodi na nyaya ni nzima. Kosa limo tangini. Isiposonga, liache tangi. Fuata nyaya, fyuzi, na hasa waya wa ardhi, kwani kutu kidogo tu hapo inatosha kuharibu usomaji.

Kosa likiwa tangini, kazi ya kuitoa sensa mwachie fundi, nje penye hewa, betri ikiwa imechomolewa na bila moto wowote karibu. Wewe simama umtazame. Aweke multimita kwenye omu na ausogeze mkono wa boya polepole kutoka chini hadi juu. Namba zikipanda au kushuka taratibu, sensa ni nzima. Zikiruka au kupotea katikati, ukanda umelika, na hapo ndipo ununue. Pia atikise boya: likiwa na petroli ndani halielei tena, na tatizo ni boya tu.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi, nalo ni la wabunifu. Katika magari ya zamani ya GM ya Marekani, 0 omu ilikuwa tangi tupu na 90 omu tangi lililojaa. Maana yake waya ukikatika, dereva anaonyeshwa tangi limejaa! Katika Toyota waya huohuo ukikatika, anaonyeshwa tangi tupu. Kosa moja linakupeleka kituo cha mafuta bila sababu. Jingine linakuacha usiku kando ya barabara ukiwa na watoto garini. Mei 2004, Shell ilisimamisha uuzaji wa petroli katika vituo kadhaa vya Florida, Louisiana na Mississippi, kwa sababu petroli yenye salfa nyingi ilikuwa ikiharibu sensa za geji. Baadhi ya madereva sindano iliwaambia wana mafuta ilhali hawana.

Kwa mwandishi wa programu, "sifuri" na "sijui" si kitu kimoja. Ukivichanganya, mteja ndiye anayelipa. Geji nzuri ingekiri: sijui, usinitegemee. Magari ya siku hizi yenye kompyuta yanaweza kufanya hivyo kwa kuwasha taa ya onyo, na sioni kisingizio cha kutofanya.

Mpaka hapo, ukiambiwa ununue sensa, uliza swali moja kwa adabu: "Fundi, umepima omu ngapi?" Mwenye kupima atakujibu kwa namba na kukuonyesha mita. Asiye na namba, mshukuru, chukua ufunguo wako, nenda kwingine.