AFYA YA JAMII: Mlanguzi wa Tumboni

Ndugu msomaji, ukipita asubuhi katika mitaa ya Mlandege, mjini Iringa, hukosi kumsikia mtu akililalamikia tumbo lake. Seremala atakwambia kuwa linamwungua kila akaapo na njaa. Mama lishe atakwambia kuwa ameacha maharage na pilipili, na bado usiku halali. Majirani watasema ni mawazo. Mwisho wake ni duka la dawa, vidonge vya siku tatu, nafuu kidogo, kisha maumivu hurejea. Juma hili natukitazame kiini cha maradhi hayo.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa tindikali ya tumbo ni kali mno hata kijidudu kisiweze kuishi humo. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall waliotesha bakteria aliyejisokota, waliyemtoa katika matumbo ya wagonjwa. Wengi waliwabeza. Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na baada ya siku chache utando wa tumbo lake ukavimba. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo huitwa helikobakta pilori, na takriban nusu ya wanadamu wamekuwa naye.

Anaishije humo? Hutengeneza kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na amonia huipooza tindikali inayomzunguka. Kisha hujichimbia katika ute unaofunika ukuta wa tumbo.

Lakini tumbo si nyumba tupu. Mwaka 2006 wataalamu walichunguza matumbo ya watu 23, wakakuta aina 128 za bakteria. Kwa mtu asiye na pilori, aina nyingi huishi pamoja, na baadhi yake hushuka na mate kutoka kinywani. Pilori akiingia, hufanya kama mlanguzi aliyehodhi ghala: yeye huwa wengi kupita wote, na wenzake hupungua.

Madhara hayaishii hapo. Uvimbe ukidumu kwa miaka, tezi zitoazo tindikali huweza kuchakaa. Tindikali ikipungua, lango huwa wazi: vijidudu vya kinywani na vya utumbo huja kufanya maskani. Baadhi yao huweza kutengeneza kemikali zinazochochea saratani. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimworodhesha pilori miongoni mwa visababishi vya saratani. Hata hivyo, tusitishike kupita kiasi: wengi walio naye hawapati kidonda wala saratani.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupimwe. Kipimo cha choo kikubwa au cha pumzi huonyesha kama bakteria yumo sasa. Kipimo cha damu pekee huweza kuonyesha maambukizo yaliyokwisha zamani. Tukumbuke pia kuwa si kila kidonda ni kazi ya pilori. Aspirini na diklofenaki, zinazomezwa ovyo kwa maumivu ya mgongo, nazo huchoma tumbo.

Pili, tumalize dawa. Kwa kawaida mgonjwa hupewa angalau dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Anayeacha siku ya tatu kwa kuwa amepata nafuu huwabakiza walio sugu. Usugu huo si hadithi ya ng'ambo: watafiti wa Bugando, Mwanza, wameukuta kwa wagonjwa wetu. Tena dawa hizo huua pia vijidudu vyema vya utumboni. Kuzimeza bila kupimwa ni hasara mara mbili. Mlanguzi akiondolewa sawasawa, aina nyingine hurejea tumboni taratibu.

Tatu, tuwalinde watoto, maana wengi huambukizwa utotoni, nyumbani mwao. Tunawe mikono kwa sabuni, tunywe maji salama, na mama asimtafunie mtoto chakula.

Mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au kukonda bila sababu asingoje vidonge vya dukani. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki, ndugu msomaji, kimeingia ndani zaidi ya nguo.